BETRI YA MOYO ILIYOONJA DAMU

Askari apandaye kilima akiwa na mzigo mgongoni hauamuru moyo wake uongeze mwendo. Moyo hujiongeza wenyewe. Alipokuwa amesimama wima kwenye gwaride ulikuwa ukipiga mara 70 kwa dakika. Afikapo nusu ya kilima unapiga 130, na afikapo kileleni, ikiwa angali kijana, huenda umepita 170. Akiketi chini ya mti kupumzika, hushuka pole pole mpaka ulipoanzia. Mama abebaye ndoo ya maji kutoka mtoni hali yake ni hiyo hiyo, na mtoto akimbiaye kuwahi kengele ya shule vile vile. Kazi hii hufanyika usiku na mchana bila ya mwenyewe kuitambua, na aghalabu watu hawaujui ukubwa wake mpaka siku inapoharibika.

Kila pigo moja la moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma damu kiasi cha mililita 70, yaani kama kikombe kidogo cha kahawa. Ukikizidisha kikombe hicho mara 70 utaona kwamba kwa dakika moja moyo huzungusha karibu lita 5, ambazo ni takriban damu yote iliyomo mwilini. Kijana mwenye afya akimbiapo kwa nguvu zake zote huhitaji lita 20 au zaidi kwa dakika hiyo hiyo, yaani debe zima. Sehemu kubwa ya nyongeza hiyo hupatikana kwa kuongeza idadi ya mapigo.

Amri ya mapigo hutoka katika kijidonge cha nyama kilichomo kwenye ukuta wa chumba cha juu cha kulia cha moyo. Kijidonge hiki hutoa umeme mdogo kwa mpango usiokatika, na umeme huo hupita katika njia yake maalumu mpaka vyumba vya chini, navyo vikajikunja na kusukuma damu. Mishipa ya fahamu na homoni ndizo zinazokiharakisha au kukituliza kulingana na haja ya mwili. Sasa ikiwa kijidonge kimechoka, au njia ya umeme imekatika, vyumba vya chini hubaki vikijipigia vyenyewe kwa uvivu, mara 30 au 40 kwa dakika, na mara nyingine husimama kabisa kwa sekunde kadhaa. Ubongo hukosa damu. Mtu huanguka chini kama aliyepigwa rungu, kisha huzinduka asijue lililompata.

KOPO LA RANGI YA VIATU

Mtu wa kwanza duniani kuwekewa mwilini mashine ya kuupigisha moyo alikuwa Bwana Arne Larsson wa Uswidi, tarehe 8 Oktoba 1958. Alikuwa na umri wa miaka 43. Njia ya umeme ya moyo wake ilikuwa imekatika, na alikuwa akizimia mara nyingi kwa siku moja, zikifika hata 20 na zaidi, kila mara akirudishwa kwa kupigwa-pigwa kifuani. Mkewe, Bibi Else-Marie, alikuwa amesikia kwamba mjini Stockholm daktari mpasuaji Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist walikuwa wakifanya majaribio ya mashine ya namna hiyo kwa wanyama. Akawaendea. Walimwambia kwamba hawakuwa na mashine iliyo tayari kuwekwa ndani ya binadamu. Bibi huyo hakukubali jibu hilo. Alikwenda na kurudi kati ya hospitali na karakana mpaka wakaridhia.

Elmqvist alihitaji kalibu ya kumiminia utomvu wa plastiki uliofunika betri na transista mbili, akatumia kopo la rangi ya viatu. Kwa hiyo mashine ya kwanza ya moyo ilikuwa na umbo lile lile ambalo kila askari hulishika asubuhi anapong'arisha buti zake, ya mviringo, upana wake milimita 55 na unene milimita 16. Ilikufa baada ya saa chache. Ikawekwa ya pili. Katika maisha yake yote Bwana Larsson alibadilishiwa mashine mara kwa mara, jumla yake 26, akaishi mpaka Desemba 2001 alipofariki kwa saratani ya ngozi akiwa na umri wa miaka 86. Mhandisi aliyeitengeneza mashine hiyo na daktari aliyeiweka walikuwa wamekwisha kumtangulia wote wawili.

Afrika ya Mashariki chombo hiki huitwa betri ya moyo, ingawa kwa kweli betri ni sehemu yake moja tu. Ni kijisanduku cha madini kinachofichwa chini ya ngozi ya kifua, karibu na bega, na kutoka humo waya mwembamba hupitishwa ndani ya mshipa mkubwa mpaka moyoni. Waya huo hupeleka umeme, nao moyo huitika.

MASHINE ISIYOJUA KILIMA

Lakini mashine za mwanzo zilikuwa na upungufu ambao wagonjwa waliutambua punde tu walipotoka hospitalini. Zilipiga mara 70, na 70 ndiyo hiyo hiyo. Mgonjwa akiwa amelala, 70; akila, 70; akipanda ngazi na kikapu cha sokoni mkononi, 70. Hakuanguka tena, na hilo lilikuwa jambo kubwa mno kulidharau. Hata hivyo kila alipoongeza hatua pumzi zilimwishia, miguu ikawa mizito, naye akalazimika kusimama njiani na kushika ukuta. Alikuwa hai, ila maisha yake yalikuwa ya mwendo mmoja.

Kwa baadhi ya wagonjwa dawa ya tatizo hilo ilipatikana mapema. Ikiwa kijidonge cha juu ni kizima na kilichokatika ni njia tu, mashine yaweza kuwekewa waya wa pili wa kusikiliza chumba cha juu, na kila kinapotoa amri, mashine huipeleka chini. Hapo mwili wenyewe ndio unaoendelea kutawala. Shida ilibaki kwa wale ambao kijidonge chenyewe ndicho kilichoharibika, au chumba chao cha juu hutetemeka ovyo bila mpango. Kwao hapakuwa na amri yoyote ya kusikiliza. Ilibidi mashine ipate habari za mwili kwa njia nyingine, na swali likawa ni kumwuliza nani.

KUIULIZA DAMU YENYEWE

Katikati ya miaka ya 1970, mjini Florence, Italia, daktari Leonardo Cammilli na wenzake walitoa jibu lililoonekana kuwa la haki kuliko yote: iulizwe damu. Musuli inapofanya kazi hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, na kazi ikizidi hutoa pia asidi ya lakti. Vyote viwili huingia katika damu inayorudi moyoni na kuitia ukali kidogo. Wakemia huupima ukali huo kwa kipimo kiitwacho pH, ambacho namba yake hupungua kadiri asidi inavyozidi. Maji safi ni 7. Siki na maji ya limau huwa karibu na 2 au 3. Damu iendayo mwilini ni 7.4, na ile irudiyo moyoni iko chini ya hapo kidogo tu. Mtu akianza kukimbia, namba hiyo hushuka tena.

Cammilli na wenzake waliweka kwenye waya wa moyo kihisi cha kemia, yaani kijiungo cha kutambua asidi, kilichotengenezwa kwa madini ya iridiamu yaliyofunikwa oksaidi yake. Kilikaa ndani ya chumba cha juu cha kulia, katikati ya damu irudiyo kutoka viungo vyote vya mwili. Asidi ilipoongezeka, umeme wa kihisi ulibadilika. Mashine ikausoma, ikaongeza mapigo. Mapigo yalipoongezeka damu ilizunguka kwa kasi zaidi, gesi ikatolewa mapafuni, asidi ikapungua, na mashine nayo ikapunguza mwendo. Taarifa ya kazi hiyo ilichapwa mwaka 1977. Wagonjwa waliowekewa walikuwa wachache, lakini mashine iliyomo ndani ya mwili wa mtu ilikuwa ikifuata haja ya mwili badala ya kufuata saa.

Ubora wa mpango huu ni kwamba mashine iliweza kujisahihisha. Kuna mpishi atiaye chumvi kwa kuhesabu vijiko, na kuna mpishi aonjaye mchuzi, akaongeza, akaonja tena. Wa kwanza akikosea hajui mpaka wageni wakunje uso. Wa pili hujua kabla ya kupakua. Kihisi cha damu kilikuwa mpishi wa namna hii ya pili, maana kilichopimwa ni matokeo ya kazi ya moyo wenyewe.

NURU NDANI YA MSHIPA

Miaka michache baadaye, mjini Munich katika iliyokuwa Ujerumani Magharibi, daktari Alexander Wirtzfeld na wenzake waliichukua njia nyingine ya kuisoma damu. Wao hawakutafuta asidi. Walitafuta oksijeni, na walifanya hivyo kwa rangi.

Kila mtu aliyewahi kujikata ameiona tofauti. Damu itokayo mapafuni ni nyekundu ya kung'aa kwa sababu himoglobini yake imejaa oksijeni, asilimia 95 na zaidi. Irudipo moyoni kutoka kwa mtu aliyepumzika, imebakiwa na asilimia 70 hadi 75, na rangi yake imefifia na kuwa nzito. Mtu afanyaye kazi ngumu huinyonya zaidi, na yaweza kurudi ikiwa na asilimia 40 au hata chini ya hapo. Kwa mgonjwa ambaye moyo wake umefungwa katika mapigo 70, kiasi hicho huanguka upesi zaidi, kwa kuwa kikombe ni kile kile na wanywaji wameongezeka.

Wirtzfeld alitia ndani ya waya wa moyo taa ndogo mno ya nuru nyekundu, ya ukoo wa zile ziwakazo kwenye redio, na kando yake jicho la kupokea nuru inayorudi. Damu yenye oksijeni huirudisha nuru nyekundu. Damu iliyonyonywa huimeza. Kwa kupima nuru iliyorudi, mashine ilijua oksijeni iliyobaki, na kwa kujua hivyo ikaamua moyo uende kasi gani. Taarifa ya mpango huo ilitolewa mwaka 1982, na katika miaka iliyofuata mashine za namna hiyo ziliwekwa kwa wagonjwa kwa majaribio. Mgonjwa alipoanza kutembea, oksijeni ilishuka katika muda mfupi, na moyo ukafuata. Kwa karatasi na kwa hesabu hapakuwa na kihisi kilichoupita.

Pamoja na hayo, mashine za kuonja damu hazikuenea. Atakayeingia leo katika hospitali yoyote kubwa na kuomba betri ya moyo yenye kihisi cha asidi hataipata. Sababu zake zastahili kuelezwa, maana hazikutokana na uvivu wa wataalamu hao.

MWILI HAUPENDI KUONJWA

Adui wa kwanza alikuwa mwili wenyewe. Kitu chochote kigeni kiingiapo ndani ya mshipa wa damu hufunikwa. Katika dakika za mwanzo hushikwa na utando wa protini. Baadaye huja nyuzi za damu iliyoganda. Na wiki zikipita hufuata nyama ngumu ya kovu. Kwa waya wa kawaida wa betri ya moyo jambo hili si baya, na pengine ni msaada, kwa kuwa kovu huushikilia usichomoke. Kwa kihisi cha kemia ni msiba. Ulimi uliofungwa kitambaa hauonji. Jicho la Wirtzfeld lilijikuta likimulika kovu mahali pa damu, na pengine ncha ya waya ilijiegemeza kwenye ukuta wa moyo na kusoma rangi ya nyama.

Adui wa pili alikuwa udogo wa kinachopimwa. Kihisi cha iridiamu hubadili umeme wake kwa kiasi cha milivolti 60 hivi pale pH inapobadilika kwa namba nzima. Lakini hakuna mtu ambaye pH ya damu yake hubadilika kwa namba nzima akabaki hai. Mabadiliko yanayopaswa kusomwa ni sehemu chache za mia. Sehemu tano za mia ni milivolti tatu tu. Basi ikiwa kihisi chenyewe kwa kuzeeka kwake kimeteleza milivolti tatu, mashine itaamini kwamba mgonjwa aliyelala kitandani anapanda mlima, nayo itamkimbiza moyo usiku kucha. Katika maabara dawa ya mtelezo huo ni rahisi: kihisi huchovywa katika maji ambayo pH yake inajulikana, kikasahihishwa. Kilichomo ndani ya moyo hakichovywi popote.

La tatu lilihusu maana ya habari zenyewe. Asidi ya damu huongezeka kwa kukimbia, lakini huongezeka pia kwa ugonjwa wa figo na kwa kisukari kilichopanda. Oksijeni hushuka kwa kazi, na hushuka pia kwa mapafu mabovu na kwa upungufu wa damu. Hatari kubwa ilikuwa kwa mwenye mishipa ya moyo iliyoziba. Moyo wake ukienda mbio hudhoofika. Ukidhoofika damu hupungua. Damu ikipungua oksijeni hushuka. Nayo mashine, ikidhani inasaidia, huongeza mbio. Ilibidi kila mashine iwekewe mpaka wa juu usiovukwa.

Mwisho kulikuwa na waya. Kila kihisi cha kemia kilihitaji waya wake wa pekee, mnene zaidi na wenye viungo vingi, nao waya ndio sehemu inayokatika upesi kuliko zote kwa sababu hupindwa kila moyo unapopiga, zaidi ya mara 100,000 kwa siku. Mgonjwa mwenye waya wa kawaida aliyetaka kubadili mashine angelazimika kupasuliwa upya ili atiwe waya mpya. Na taa iwakayo ndani ya mshipa hula betri.

MTIKISIKO WASHINDA

Wakati mabingwa wa kemia wakipambana na kovu, wahandisi wa Marekani walileta wazo ambalo kwa haki lingestahili kuchekwa. Walibandika ndani ya kijisanduku kipande cha fuwele ambacho kikibonyezwa hutoa umeme mdogo, ndugu wa kile kilichotumika katika vichwa vya gramafoni. Mtu akitembea mwili hutikisika, fuwele hutikisika, mashine huongeza mapigo. Haikuuliza damu, haikuuliza mapafu. Iliuliza kama kuna mtikisiko. Mashine hizo ziliingia sokoni katikati ya miaka ya 1980, na kwa muda mfupi zikawapita wote.

Makosa yake yalikuwa ya kuchekesha na yalijulikana tangu mwanzo. Mgonjwa aliyepanda lori katika barabara mbovu moyo wake ulikwenda mbio ilhali ameketi tu. Aliyepanda ngazi, ambayo ni kazi ngumu, alipata mapigo machache kuliko aliyeshuka, kwa kuwa mtu ashukapo hukita miguu kwa kishindo. Mwendesha baiskeli katika barabara laini alichoka bure, maana kifua chake hakikutikisika. Mlinzi wa usiku aliyesikia hatua gizani na kuganda mahali pake hakupata msaada wowote: kwa fuwele, mtu aliyeganda kwa hofu na mtu aliyelala ni mmoja. Lakini kihisi hicho kilikuwa ndani ya kijisanduku kilichofungwa, mbali na damu na kovu. Hakikuhitaji waya mpya. Hakikula betri. Kilidumu miaka na miaka, na kilianza kuitika papo hapo mtu alipoinuka. Kihisi kijuacho kidogo na kisichokufa kilikishinda kile kijuacho kila kitu lakini hufa mapema.

Pamoja na hayo kemia haikufukuzwa moja kwa moja. Iliingia kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1981, mjini London, daktari Anthony Rickards alieleza mashine iliyopima muda ambao moyo huchukua kujitayarisha baada ya kila pigo. Homoni ya adrenalini ikimwagika katika damu, kwa kazi au kwa hofu, muda huo hufupika. Waya wa kawaida uliweza kuusoma. Hapo mlinzi wa usiku aliyeganda gizani alipata haki yake.

Wengine walipima pumzi. Mkondo wa umeme hafifu mno, usiosikika na mgonjwa, hupitishwa kutoka waya mpaka kijisanduku, nao hukutana na upinzani mkubwa zaidi kifua kinapojaa hewa. Kwa kuhesabu mabadiliko hayo mashine hujua mtu anavuta hewa kiasi gani kwa dakika. Hila ya njia hii ni kubwa kuliko ionekanavyo, kwa sababu pumzi huamriwa na kemia. Chini ya ubongo, na pembeni mwa mishipa mikubwa ya shingo, kila binadamu anazo sehemu ndogo zinazoonja gesi ya kaboni na asidi ya damu tangu kuzaliwa mpaka kufa, wala hazifunikwi na kovu. Mashine ipimayo pumzi huazima ulimi ambao mwili unao tayari. Alichokitafuta Cammilli kwa iridiamu kilikuwapo shingoni mwa mgonjwa.

Mashine nyingi za leo huchanganya vihisi: mtikisiko kwa ajili ya kuanza upesi, na pumzi au nguvu ya kujikunja kwa moyo kwa ajili ya kazi ndefu na ya hisia. Tangu mwaka 2016 ipo nchini Marekani hata ile iliyoruhusiwa kuwekwa yote mzima ndani ya chumba cha chini cha moyo, bila waya wowote, nayo ni ndogo kama kidonge kikubwa cha dawa. Ndani yake kimo kihisi cha mtikisiko.

KWA WALIO NA MGONJWA NYUMBANI

Familia yenye mtu aliyewekewa betri ya moyo yafaa kuyajua haya kwa sababu ya matumizi, si kwa maarifa tu. Mgonjwa anayesema kwamba hazimii tena lakini hawezi kufika sokoni bila kusimama mara tatu si mvivu, wala hajidekezi. Huenda kihisi cha mashine yake kimewekwa kiwe kizito mno kuitika. Daktari aweza kukirekebisha kutoka nje, bila kisu, kwa mashine nyingine inayoongea na ile ya ndani kupitia ngozi. Vivyo hivyo yule ambaye moyo humwenda mbio kila apandapo basi katika barabara ya makorongo amweleze daktari jambo hilo hilo kwa maneno hayo hayo: basi, barabara, mbio. Maelezo ya namna hiyo humsaidia fundi kuliko kusema “sijisikii vizuri”.

Mke au mume aweza kuyahesabu mapigo kwa vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, kwa dakika nzima iliyopimwa kwa saa. Yakiwa machache kuliko kiwango cha chini kilichoandikwa katika kadi ya mgonjwa, apelekwe hospitali bila kusubiri siku ya kliniki. Kadi hiyo hutembea na mwenyewe popote aendapo. Simu ya mkononi iwekwe sentimita 15 au zaidi mbali na kijisanduku, kwa hiyo mfuko wa shati wa upande ule haufai. Mchomeleaji vyuma amwulize daktari kabla ya kurudi kazini. Ngozi iliyo juu ya kijisanduku ikivimba, ikiwa nyekundu au ikitoa usaha, hiyo si kazi ya dawa ya kupaka nyumbani. Ni ya daktari siku hiyo hiyo.

Liko pia suala ambalo watu huona haya kulitaja. Mwenye betri ya moyo akifariki, mara nyingi mashine huzikwa naye ikiwa na uhai wa miaka kadhaa. Chuo Kikuu cha Michigan cha Marekani kimeongoza majaribio ya kuzikusanya mashine kama hizo kwa idhini ya jamaa, kuzipima na kuzisafisha upya, kisha kuwawekea wagonjwa wasioweza kununua mpya. Matokeo yaliyotangazwa Novemba 2024, ya wagonjwa karibu 300 katika nchi kadhaa, Kenya ikiwa miongoni mwake, yalionyesha kwamba mashine hizo hazikuwa nyuma ya zile mpya kwa usalama. Waya huwa mpya daima. Hili limewezekana kwa sababu viungo vya waya na vijisanduku vilifanywa kuwa vya namna moja ulimwenguni. Laiti kila mashine ingekuwa na waya wake wa kemia, lisingewezekana.

ULIMI MPYA

Wenye kuamini kwamba damu yapaswa kuulizwa yenyewe hawajakata tamaa, na msaada umewatokea upande ambao si wa moyo. Mwaka 2018 Marekani iliruhusu kihisi cha sukari cha wagonjwa wa kisukari kinachozikwa chini ya ngozi ya mkono wa juu. Kina ukubwa wa kipande kifupi cha njiti ya kiberiti, na husoma sukari kwa nuru, kama jicho la Wirtzfeld lilivyosoma oksijeni. Hakimo ndani ya mshipa. Kimo katika majimaji yaliyo chini ya ngozi, mahali penye utulivu zaidi. Lakini jambo lililowavuta watu wa moyo ni pete ndogo iliyokizunguka. Pete hiyo imetiwa dawa ya kutuliza uvimbe, ambayo hutoka kidogo kidogo na kuuzuia mwili usikijengee kovu.

Kwanza kiliruhusiwa kukaa siku 90. Baadaye zikawa siku 180, na mwaka 2024 zikawa siku 365, kisha hutolewa na kuwekwa kingine. Betri ya moyo hutakiwa kukaa miaka 8, 10 au zaidi kabla ya kubadilishwa.